Diski ya laptopu inapolia “tik”: linda hati zako kwenye Linux

Je, unatumia laptopu ya mtumba yenye Linux hapa Kigali? Ukisikia diski ikilia “tik” kila baada ya sekunde chache, usisubiri ife. Huenda humo ndimo zilimo nakala za diploma yako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na picha za ndugu mlioachana njiani.

Kwanza, nakili faili zako kwenye flashi au diski nyingine. Usiguse mpangilio wowote kabla ya hapo.

Kwa nini inalia?

Ili kuokoa betri, diski inayozunguka hukiegesha kichwa chake cha kusomea pembeni. Linux ikiandika jambo dogo tu, kichwa hurudi. Mwaka 2007 watumiaji wengi wa Ubuntu walilalamikia tatizo hili. Diski nyingi za laptopu zimeundwa kustahimili maegesho 300,000 hadi 600,000. Kichwa kikiegeshwa mara 2 kwa dakika, muda wa saa 10 kila siku, maegesho 300,000 huisha kwa siku 250.

Pima

Fungua terminali, uandike:

lsblk -d -o NAME,ROTA

Ikionyesha 0, diski yako haizunguki na tatizo hili halikuhusu. Ikionyesha 1, sakinisha smartmontools na hdparm, kisha andika (weka jina la diski yako badala ya sda):

sudo smartctl -A /dev/sda

Soma namba ya mwisho kwenye mstari wa Load_Cycle_Count, subiri dakika 10, usome tena. Ikiwa imepanda kwa 20 au zaidi, rekebisha. Lakini Reallocated_Sector_Ct au Current_Pending_Sector ikizidi 0, diski imeanza kuharibika: panga kuibadilisha.

Rekebisha

sudo hdparm -B 254 /dev/sda

Namba 1 hadi 127 huruhusu diski kusimama. 128 hadi 254 haziruhusu. Ukizima laptopu, badiliko hili hupotea. Ili lidumu, ongeza kwenye faili /etc/hdparm.conf:

/dev/sda {
apm = 254
}

Pima tena baada ya kuwasha upya.

Tahadhari

Betri itaisha mapema kidogo. Pia kichwa kitakaa juu ya diski muda mrefu zaidi, na mtikisiko unaweza kuikwaruza. Zima laptopu kabisa kabla ya kupanda pikipiki. Na ukiipeleka kwa fundi, hamisha kwanza hati zako za siri.