KITABU CHA TAWI KISIPOTEZE KURASA
Chombo gani kinafaa kutobolea karatasi?



Kila tawi la chama lina karatasi zake: kumbukumbu za mikutano, orodha ya wanachama, stakabadhi za michango na malalamiko yaliyopelekwa kwa mwajiri. Karatasi hizo ndizo silaha yetu. Mwenzetu akifukuzwa kazi bila haki, Afisa wa Kazi atauliza ushahidi. Ikiwa ukurasa wa mwezi ule umechomoka ukapotea, tutajibu nini? Vivyo hivyo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi wa Uganda haki ya kupewa maelezo ya mshahara wake kwa maandishi. Maandishi hayo yatunzwe.

Pini za stepla hushika kutu wakati wa mvua na kuikata karatasi. Dawa ni kushona kwa uzi. Lakini kabla ya kushona lazima kutoboa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

1. Msharasi. Ni ile sindano nene yenye mpini wanayotumia mafundi viatu. Huisukuma karatasi kando bila kuikata, kwa hiyo tundu hubaki dogo na kuubana uzi. Hiki ndicho chombo cha kwanza kwa daftari la kushona. Ukikosa, chukua spoku ya baiskeli, ambayo unene wake ni kama milimita 2, uinoe kwa tupa mpaka ncha iwe ya mviringo na laini, kisha uitie mpini wa mti. Fundi wa Katwe au mshona viatu wa Owino atakutengenezea. Msumari usionolewa haufai, maana hupasua karatasi.

2. Mashine ya kutobolea ya ofisi. Hii hukata na kutoa kipande cha karatasi. Matundu yake mawili huachana milimita 80, yakiwa na upana wa milimita 6 hivi. Yafaa kwa faili ambalo karatasi huongezwa kila wiki. Kwa kushona haifai, kwani uzi hucheza ndani ya tundu kubwa.

3. Panchi ya kugonga kwa nyundo. Ina mdomo wazi kama bomba. Yafaa kwa jalada gumu la kadibodi au ngozi. Weka ubao chini, usigongee juu ya saruji; makali yatakufa.

4. Kekee. Kwa kitabu kinene cha kurasa mia na zaidi, bana karatasi kati ya mbao mbili, kisha toboa. Zisipobanwa sawasawa, kingo za tundu huchanika.

Sasa daftari dogo. Kunja karatasi kumi katikati. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, kutoka ndani kwenda nje: moja katikati, na moja karibu na kila mwisho. Pitisha uzi uliopakwa nta katika tundu la kati kutoka ndani, urudi ndani kwa tundu la juu, utoke kwa la chini, kisha urudi tena kwa la kati. Funga fundo juu ya uzi mrefu uliolala ndani. Karatasi zisizokunjwa toboa sentimita moja kutoka ukingoni; ukikaribia zaidi zitachanika.

Jalada laweza kuwa la kadibodi iliyovikwa nguo ya gome la mutuba, yaani lubugo. Hiyo itobolewe kwa msharasi.

Tahadhari: usitoboe daftari likiwa kiganjani. Liweke juu ya ubao au kandambili kuukuu, na ncha ya msharasi uivike kizibo baada ya kazi.

Makatibu wa matawi, fungueni makabati yenu wiki hii. Karatasi zilizolegea zishonwe kabla hazijahitajiwa.

Umoja ni nguvu.