Virusi vya Saitomegalo katika Maziwa ya Mama: Hatari na Kinga kwa Mtoto Njiti

Mtoto njiti hana chakula bora kuliko maziwa ya mama yake mzazi. Maziwa hayo humpunguzia hatari ya ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, ambao ni miongoni mwa magonjwa ya kutisha zaidi kwa watoto wa namna hiyo. Hata hivyo, maziwa hayo hayo huweza kubeba virusi vya saitomegalo.

Virusi hivi vimeenea duniani kote, na katika Afrika Mashariki watu wengi huambukizwa tangu utotoni bila kujua. Vikishaingia mwilini havitoki. Hulala humo maisha yote. Mama anyonyeshapo, virusi huweza kuamka ndani ya titi na kuingia katika maziwa, ilhali mwenyewe haoni dalili yoyote. Dang'a huwa na virusi vichache; idadi yake huongezeka katika wiki zinazofuata, kisha hupungua.

Mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida hadhuriki, kwa kuwa amekwisha kupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma. Kingamwili hizo hupita kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Basi mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au mwenye uzito chini ya gramu 1500, hukosa sehemu kubwa ya akiba hiyo. Hata miongoni mwa hao, wengi wanaoambukizwa hawaugui. Wachache hupatwa na kusita kwa pumzi, kupauka kwa ngozi, tumbo kujaa, uvimbe wa ini au upungufu wa chembe sahani za damu.

Dalili hizo hufanana na za maambukizi ya bakteria katika damu. Vipimo vya bakteria visipoonyesha chanzo, inafaa mhudumu afikirie virusi hivi na kuomba kipimo cha mkojo au mate. Sampuli iliyochukuliwa katika wiki 3 za kwanza husaidia kubaini kama mtoto aliambukizwa tumboni au baada ya kuzaliwa.

Kugandisha maziwa katika nyuzijoto -20 hupunguza virusi bila kuvimaliza. Kuyapasha moto kwa nyuzijoto 62.5 kwa dakika 30 huviua, lakini huharibu pia baadhi ya kinga na vimeng'enya vya maziwa. Njia hiyo hutumika kwa maziwa yanayotolewa na akina mama wengine, kama katika benki ya maziwa ya Hospitali ya Pumwani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2019.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto njiti apewe maziwa ya mama yake, kwa kuwa faida yake hupita hatari hiyo. Kwa hiyo mama asiache kukamua wala asiyachemshe maziwa kwa hofu. Uamuzi wa kuyatibu ufanywe pamoja na daktari wa mtoto, kwa kuzingatia umri wa mimba na uzito wake.