Je, Wajua? Bao hufundisha vigawo

Je, wajua kwamba bao linalochezwa barazani Mji wa Kale, Mombasa, ni somo zuri la hesabu? Mashimo ni 32, safu 4 za mashimo 8, na kete ni 64. Mpe mtoto kete zote azipange kwa safu zilizo sawa, asibakishe hata moja. Atapata 1 × 64, 2 × 32, 4 × 16, kisha 8 × 8. Hapo aache, kwani zinazofuata ni zile zile zilizogeuzwa. Nambari hizo ndizo vigawo vya 64, nazo ni 7, idadi witiri, kwa sababu mwenzake 8 ni 8 yenyewe. Sasa aondoe kete 3. Zilizobaki, 61, hazikubali kugawanyika ila kwa 1 na kwa 61 yenyewe: hiyo ni nambari tasa. Akiondoa moja zaidi, 60 ina vigawo 12.