Chakula Kikavu cha Mbwa: Unga Usiomfaa Mtoto Haumfai Mlinzi

Katika nyumba nyingi za askari nchini Uganda, mbwa hula mwisho. Hungoja hadi baba, mama na watoto wameshiba, ndipo hutupiwa ukoko wa posho, mchuzi wa maharage uliosalia chini ya sufuria, na mara moja moja mfupa. Siku ambayo hapakubaki kitu, hulala njaa. Na mbwa aliyelala njaa hakai kwenye lindo lake. Huruka ua, huzunguka majalalani na machinjioni, akarudi alfajiri amebeba ugonjwa ambao mwenye nyumba hauoni.

Yako pia mazungumzo ambayo husikika jikoni mwisho wa mwezi, gunia linapofikia chini.

"Mama watoto, unga huu umeota kuvu. Tuutupe?"

"La, baba watoto, kutupa chakula ni vibaya. Tumpikie mbwa, yeye hachagui."

Maneno hayo hutamkwa kwa nia njema ya kuepuka hasara. Hata hivyo, ndiyo yanayoua mbwa wengi wazuri, na hatari yake haiishii kwa mbwa.

SUMU ISIYOTOKA KWA KUPIKWA

Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hii iligunduliwa kwa sababu ya vifo vya wanyama: mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Miaka 44 baadaye msiba ukawafikia watu. Katika mwaka 2004, wilaya za mashariki na kati za Kenya zilipatwa na janga la mahindi yenye sumukuvu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii. Huishambulia ini. Mbwa hukataa chakula, hutapika, hulegea, macho na fizi huwa za manjano, na mwishowe hutokwa damu na kufa. Aghalabu mwenye nyumba hudhani jirani amemtilia sumu, kumbe sumu ilitoka katika sufuria ya nyumbani. Wala kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto wa jikoni huua kuvu yenyewe lakini sumu iliyokwisha kutolewa hubaki.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba chakula cha kiwandani si kinga kamili. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, nchini Marekani, mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula kikavu cha dukani kilichokuwa na sumukuvu. Basi usalama wa chakula hautoki kwenye karatasi nzuri ya mfuko. Hutoka kwenye nafaka safi, iliyokauka na kutunzwa vema, na kazi hiyo familia yoyote yaweza kuifanya.

POSHO PEKE YAKE HAITOSHI

Wako wasemao kwamba mbwa ni mla nyama tu, na kwa hiyo kumpa posho ni kumwonea. Hilo si kweli. Mwaka 2013 wataalamu wa Uswidi walionyesha kwamba mbwa, kwa kuishi na binadamu maelfu ya miaka, amepata uwezo wa kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya aliye babu yake. Posho iliyoiva humpa nguvu.

Lakini posho peke yake haijengi mwili. Katika chakula kikavu cha mbwa mzima, protini inapaswa kuwa angalau asilimia 18, ilhali unga wa mahindi una takriban asilimia 8 au 9 tu. Ndiyo sababu mbwa wa posho tupu huonekana ameshiba tumbo, na papo hapo manyoya yake yamefifia, mbavu zinahesabika na vidonda vyake vinachelewa kupona. Anahitaji pia mafuta, na madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa.

Kulisha mbwa kwa chakula kilichookwa na kukaushwa si jambo geni. Katika miaka ya 1860 Mmarekani mmoja aitwaye James Spratt, akiwa London, alianza kuuza biskuti za mbwa. Yasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata bandarini, alipowaona mbwa wakigombea biskuti ngumu za mabaharia. Wanajeshi wanazijua biskuti za namna hiyo, kwa kuwa chakula cha safari hufuata kanuni ile ile: kitu kisicho na maji hakivundi upesi.

MAHITAJI

Kipimo hiki hutoa yapata kilo 2 za chakula kikavu kwa mbwa mzima mwenye afya:

Unga wa mahindi safi, kilo 1.
Dagaa wakavu wasio na chumvi, gramu 400.
Soya, gramu 250.
Maini ya ng'ombe yaliyokaguliwa na bwana mifugo, robo kilo.
Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, au boga, nusu kilo.
Mayai 3 pamoja na maganda yake.
Mafuta ya kupikia, mililita 100, yaani kiasi cha vijiko 7 vya mezani.

Dagaa, ambao sokoni Kampala huitwa mukene na upande wa Kisumu omena, ndio nguzo ya chakula hiki. Wana protini nyingi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana madini ya chokaa. Wale wa bei nafuu mara nyingi huanikwa mchangani. Kwa hiyo hapana budi kuwaosha kwa maji mengi na kuwaanika upya juu ya wavu kabla ya kuwatwanga.

Kuhusu mahindi, ni bora familia inunue punje na kuzisagisha yenyewe. Kwanza punje zichambuliwe kwa mkono, na zile zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota kuvu zitolewe. Punje hizo mbovu wasipewe kuku, wala zisipelekwe kwa mpika pombe, wala asilishwe ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa ya mtoto. Zizikwe.

Kisha ukavu upimwe kwa njia rahisi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa itiwe mahindi hadi theluthi yake, iongezwe vijiko viwili vya chumvi kavu, ifungwe na kutikiswa kwa dakika chache, halafu iachwe kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji na yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika, mahindi yamekauka.

JINSI YA KUTENGENEZA

Soya zikaangwe polepole hadi zigeuke hudhurungi na kunukia, kisha zisagwe. Soya mbichi humzuia mnyama kuzitumia protini alizozila. Kwa hiyo hatua hii isirukwe. Dagaa watwangwe wawe unga. Maganda ya mayai yaoshwe, yachemshwe, yakaushwe, na kusagwa laini kabisa, kwa kuwa vipande vyenye ncha havifai.

Maini yachemshwe kwa dakika 20, yakatwekatwe vidogo sana, na maji yake yahifadhiwe. Viazi vichemshwe na kupondwa. Baada ya hapo mpishi achanganye unga wote katika beseni kubwa, atie viazi, maini, mayai na mafuta, aongeze maji ya maini kidogo kidogo, na kukanda hadi apate donge gumu kama la chapati. Chumvi, viungo na vitunguu visitiwe.

Donge lisukumwe liwe na unene wa nusu sentimita, likatwe vipande vidogo vya mraba kwa kisu, na kuokwa kwa moto wa wastani, kama nyuzi 160, kwa muda wa dakika 45. Nyumba isiyo na tanuri itumie sufuria nzito yenye mfuniko na mkaa: moto kidogo chini na makaa mengine juu ya mfuniko, kama mama wengi wanavyooka keki. Vipande vigeuzwe mara moja ili visiungue.

KUKAUSHA NA KUWEKA

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kipande kilichotoka motoni huonekana kikavu kwa nje, ilhali ndani kina unyevu. Kikifungiwa ndani ya mkebe siku hiyo hiyo, kitaota kuvu kabla ya wiki kwisha, na familia itakuwa imetengeneza kwa mikono yake sumu ile ile iliyoikimbia.

Kwa hiyo vipande virudishwe kwenye tanuri lililozimwa lingali na joto, au vitandazwe juu ya wavu safi juani kwa siku mbili au tatu, vikifunikwa kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Viingizwe ndani kabla ya umande wa jioni. Wakati wa masika, jua lisipotegemewa, vikaushwe kwa moto mdogo, na kipimo kipunguzwe nusu. Kipande kilicho tayari huvunjika kwa mlio. Kikipinda au kikibonyea, bado.

Vikishapoa kabisa, viwekwe katika mkebe mkavu wenye mfuniko wa kubana, juu ya ubao na si sakafuni, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu. Chakula hiki kitumike ndani ya wiki mbili. Kikinuka mafuta yaliyochacha, au kikionyesha doa lolote la kuvu, chote kitupwe. Kuondoa kipande chenye doa na kulisha vilivyobaki ni kujidanganya.

KIASI NA VYOMBO

Mbwa mzima mwenye uzito wa kilo 15 hutosheka na kiasi cha robo kilo kwa siku, igawanywe asubuhi na jioni. Mbavu zake zisionekane kwa mbali, lakini ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi. Hicho ndicho kipimo cha kuongeza au kupunguza. Maji safi yawepo saa zote, kwa kuwa chakula kikavu humtia kiu. Aliyezoea makombo abadilishwe polepole kwa muda wa wiki moja, asije akaharisha.

Watoto wa mbwa na jike anayenyonyesha wana mahitaji makubwa zaidi, na kipimo hiki peke yake hakiwatoshi. Kwao, na kwa mbwa atakayelishwa chakula hiki miezi mingi mfululizo, ushauri wa daktari wa mifugo uombwe.

Bakuli la mbwa liwe lake peke yake, lioshwe mbali na vyombo vya watu. Afya yadai hivyo, na katika kambi ambamo Mwislamu na Mkristo hutumia bomba moja la maji, heshima ya jirani yadai hivyo pia.

Vitu vifuatavyo mbwa asipewe kabisa: vitunguu maji na vitunguu saumu, chokoleti, kahawa, zabibu, machicha ya pombe yenye kilevi, na mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vijiti vyenye ncha na kutoboa matumbo.

Asipewe pia mapafu wala maini mabichi kutoka machinjioni. Ndani yake huweza kuwamo malengelenge ya maji yenye mbegu za tegu mdogo. Mbwa akiyala, tegu hukomaa ndani yake, na mayai yake hutoka na kinyesi hadi mikononi mwa watoto wanaocheza uani. Mtoto huota uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu, na pengine huhitaji kupasuliwa. Turkana, inayopakana na Karamoja, imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa huu.

ROBO KILO KWA SIKU

Yaweza kuulizwa: je, ni haki kumtengea mbwa robo kilo katika nyumba ambamo watoto hawajashiba? Jibu ni kwamba watoto kwanza. Nyumba isiyoweza kupata robo kilo kila siku isifuge mbwa wa pili, na pengine isifuge hata mmoja. Mbwa wawili wenye njaa hawalindi kuliko mmoja aliyeshiba. Huzurura tu, na mbwa anayezurura ndiye anayekutana na kichaa cha mbwa. Kati ya watu wanaopatwa na ugonjwa huo duniani, hadi asilimia 99 huambukizwa na mbwa. Chakula humweka mnyama nyumbani, lakini hakishiki nafasi ya chanjo, ambayo kila mbwa hana budi kuipata kwa tarehe atakayopangiwa na daktari wa mifugo.

Askari wa kikosi cha mbwa wanajua kwamba mnyama wa kazi hulishwa kwa kipimo na kwa saa. Mbwa wa nyumbani naye ana zamu yake: baba anapokuwa lindoni usiku, yeye ndiye mlinzi wa mama na watoto. Gunia lenye kuvu likiwa limebaki pembeni, na mkono ukitaka kuligeuza liwe chakula chake, kila mmoja na ajiulize kama angempa mwanawe. Kama sivyo, shimo na lichimbwe, kwa maana wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao.