Kutembea na Kula Mji Mkongwe: Somo la Msamiati Nje ya Darasa

Wasomaji kadhaa wametuuliza kwa nini idara yetu, kila inapowapeleka wanafunzi Unguja, hutenga siku nzima kwa matembezi ya chakula na historia ndani ya Mji Mkongwe badala ya kuwapeleka maktabani. Katika makala haya tunaeleza matembezi hayo yanavyokwenda, na yanamfaa nini mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Uganda.

Kiswahili sanifu tunachofundisha kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anajifunza lugha ya mji ambao hajauona. Tena anatoka katika nchi ambako kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika zaidi kinywani mwa askari, kikitoa amri. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wazee wengi hapa Kampala wakikisikia bado wanashtuka. Kumsikia mama akikitumia kuvutana na muuza pweza juu ya bei ni jambo geni kabisa kwa kijana wetu.

Matembezi huanza asubuhi katika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Wanafunzi huuliza daraja liko wapi. Halipo. Zamani mkono wa bahari uliingia hapa ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja; baadaye maji yakafukiwa, jina likabaki. Upande huo wa pili ndio Ng'ambo. Darasani neno hilo lilimaanisha Ulaya na Marekani. Hapa ng'ambo ni kuvuka barabara tu.

Sokoni tunapita kwenye matunda: fenesi, ambalo Mganda hahitaji kutafsiriwa kwani kwao ni ffene, kisha shokishoki na doriani, ambayo harufu yake hutangulia. Lakini tunakaa zaidi kwenye mikate, maana hapo sarufi inalika. Mkate wa kumimina unaitwa hivyo kwa sababu mchele uliosagwa kwa tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, humiminwa chomboni. Mkate wa kusukuma ndio chapati yetu, ile ambayo Kampala tunaikunja na mayai tukaiita rolex. Mkate wa ajemi umebeba jina la Uajemi. Mwanafunzi aliyesumbuka muhula mzima na kitenzi-jina anakila mchana huo huo.

Halafu urojo. Ni mchuzi mzito wa unga, wa manjano, uliotiwa ukali wa ndimu au embe mbichi, na ndani yake hutiwa bhajia, viazi, kachori, mishkaki, chatini ya nazi na muhogo uliokaangwa. Bhajia, kachori na chatini ni maneno ya Kihindi. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini ulioletwa na Wareno. Somo la maneno ya mkopo hutuchukua vipindi viwili ubaoni. Kwenye bakuli linaeleweka kabla halijapoa.

Kutoka Darajani ni dakika chache tu hadi Mkunazini, na hapa hatukubali kuharakishwa. Baadhi ya watembeza wageni hupita upesi, kana kwamba mgeni aliyeshiba asisumbuliwe. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Nje upo mnara wa kumbukumbu wa mwaka 1998: sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Ndani, nyuma ya altare, amezikwa Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Karafuu tulizonusa sokoni zilichumwa na watumwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Na misafara iliyofika Buganda zama za Kabaka Suuna II ilikuja na maneno ambayo Waganda wanayasema hadi leo, kama sabbuuni na kitabo, ikaondoka na pembe za ndovu na watu. Mwanafunzi wa Uganda anastahili kujua kwamba lugha hii ilimfikia kwa njia hiyo pia.

Baada ya hapo tunahitaji kukaa, na mji umeweka mahali: baraza, yaani kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba. Kahawa chungu huja katika vikombe vidogo, na kashata pembeni. Wanafunzi wetu walikuwa wakilijua baraza la mawaziri tu. Sasa wamelikalia baraza lenyewe. Jioni tunamalizia Forodhani, palipopewa jina na forodha, karibu na Beit el Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Kwa walimu watakaotaka kuiga: mwombeni mtembeza wageni mapema aseme Kiswahili, tena mlisisitize, kwa kuwa akiona wageni huhamia Kiingereza. Mzee hupewa shikamoo, si mambo. Wanafunzi wavae nguo za heshima na waombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana. Panga matembezi yaanze alasiri yaishie kwenye futari. Na siku hiyo msinywe chai hotelini. Wanaotaka kujiunga na safari ijayo waandikishe majina ofisini kwa katibu wa idara.