Funza wa Mbwa, Funza wa Mtoto



Mama mmoja wa Muheza alimleta mwanawe mara tatu katika chumba cha vidonda kwa ajili ya funza. Kila mara tulimtibu, akaenda nyumbani, akarudi na funza wapya. Mara ya tatu ndipo nilipouliza, "Je, nyumbani mna mbwa?" Akajibu, "Tunaye, Sista, analinda mahindi. Hulala barazani na watoto. Naye pia anachechemea." Kosa lilikuwa langu. Nilitibu miguu miwili katika nyumba yenye miguu mingi.

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, ni jamii ya kiroboto. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliletwa Angola na meli mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani yetu. Jike hujichimbia katika ngozi ya mtu, mbwa au nguruwe, huvimba kama punje ya njegere na kutaga mayai mengi. Mayai huanguka vumbini, na baada ya wiki chache hutoka funza wapya. Ndivyo mbwa na mtoto wanavyoambukizana kupitia sakafu ya udongo.

Pengine utauliza, nani atoe fedha kuchunguza ngozi ya mbwa? Huko Marekani shirika la Morris Animal Foundation limekuwa likigharamia utafiti wa maradhi ya wanyama tangu mwaka 1948. Wenye mbwa wa kule wana uwezo wa kununua dawa, hivyo dawa za mzio wa ngozi ya mbwa zimetafutwa na kupatikana. Mbwa wa shambani kwetu hana mfadhili wa namna hiyo. Hata mtoto alisahauliwa: ni mwaka 2017 tu Shirika la Afya Duniani lilipoingiza upele na wadudu wa ngozi kama funza katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele.

Na utafiti mdogo huzaa matunda. Huko Gatundu, Kenya, watoto 47 walipakwa mafuta ya dimetikoni mguu mmoja, na mguu wa pili ukaoshwa kwa dawa ya zambarau ya pamanganeti. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: baada ya siku 7, funza 78 katika kila 100 walikuwa wamekufa kwa dimetikoni, lakini 39 tu kwa pamanganeti. Hata hivyo, mguu uliopona hurudi kwenye sakafu ile ile na mbwa yule yule. Kwa hiyo shilingi inayochunguza mguu wa mbwa humsaidia mtoto pia.

Kwa sasa tufanye haya:

1. Watibuni watu wote wa nyumba na mbwa kwa wakati mmoja.
2. Msichangie pini wala mwiba kutoa funza. Huleta pepopunda na maambukizo ya damu. Nendeni zahanati.
3. Mwoneni bwana mifugo kwa dawa ya mbwa. Msimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe bila kipimo, ni sumu.
4. Nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia, na mbwa asilale wanapolala watoto.
5. Osheni miguu kwa sabuni kila jioni, na watoto wavae viatu.

Msimcheke mwenye funza, wala msiseme amerogwa. Mtoto anayechekwa huacha shule. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya nyumba huanzia barazani, pale alalapo mbwa.