Soko la Nyangwe na Fundisho Lake kwa Taifa

Katika Maniema ya kusini, kaskazini-magharibi ya Kasongo, upo mji mdogo uitwao Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Msafiri apitaye huko haoni ngome wala majumba ya fahari. Lakini jina la Nyangwe lilipata kujulikana toka Unguja hata London, na mambo yaliyotendeka pale yatosha kutuonyesha jinsi vita vinavyogeuza nchi na watu wake.

Sheria ya soko

Zamani Nyangwe ilikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi, wakileta samaki, muhogo, chumvi, mawese, vyungu na kuku. David Livingstone, aliyefika huko mwishoni mwa Machi 1871, alipenda sana kuketi na kutazama shughuli zao, akaandika habari zao katika kitabu chake cha safari. Aliambiwa jambo moja linalostahili kukumbukwa na kila Mkongo: hata wanaume wa vijiji viwili walipokuwa vitani, wanawake waliokwenda sokoni walipita bila kuguswa. Kunyang'anya mzigo wa mwanamke wa soko, hata wakati wa vita, lilikuwa jambo lisilotendeka.

Sheria hiyo haikuandikwa na serikali yoyote. Wazee waliipokea kutoka kwa babu zao, na watu waliishika kwa sababu walijua ya kuwa bila hiyo wote wangekufa njaa. Tunaweza kusema kwamba huo ulikuwa mwanzo wa taifa: watu wasiokuwa wa ukoo mmoja, pengine hata wenye uadui, walipatana kuheshimiana mahali pamoja.

Siku bunduki zilipoingia

Tarehe 15 Julai 1871 sheria hiyo ilivunjwa. Watu wapata 1,500 walikuwa sokoni. Baadhi ya watu wa mfanya biashara Mwinyi Dugumbe waliingia na bunduki zao, jambo ambalo halikuwa desturi. Ukatokea ugomvi juu ya bei ya kuku; mara risasi zikaanza kulia. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, wakasongamana, wengi wakajitupa mtoni. Wafanya biashara wenyewe walikadiria ya kuwa waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Habari hizo zilipofika Ulaya mwaka 1872 ziliwachoma watu wengi moyoni. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Lakini huku bara uwindaji wa watu uliendelea. Mwaka 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika barua yake ya kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, akazunguka Ulaya akiwatetea Waafrika waliofungwa minyororo.

Vita vya Bula Matari

Ndipo ikaja serikali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambayo wenyeji waliiita Bula Matari. Mwaka 1892 vita vilianza kati yake na wakuu wa Kiarabu na wa Kiswahili wa Maniema, wakiongozwa na Sefu, mwana wa Tippu Tip. Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Mapema mwaka 1894 vita vilikwisha upande wa Kabambare, Rumaliza aliposhindwa.

Wengi hudhani vilikuwa vita vya Wazungu na Waarabu. Lakini waliobeba bunduki, waliobeba mizigo na waliokufa, katika pande zote mbili, kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika. Ngongo Lutete, aliyekuwa amepigana chini ya Tippu Tip, alihamia upande wa serikali mwaka 1892 akaisaidia kushinda. Mwaka uliofuata maofisa wa serikali hiyo hiyo walimdhania kuwa msaliti, wakampiga risasi. Mwaka 1895 askari waliasi huko Luluabourg, na miongoni mwao walikuwamo watu wake wa zamani. Ndivyo kisasi kizaavyo kisasi.

Na Nyangwe je? Daktari Hinde, aliyekuwa katika jeshi la serikali, ameandika kwamba mji uliokuwa na watu wapata 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma, na kambi ya askari kuizunguka. Watumwa waliambiwa ya kuwa wamekombolewa. Lakini mara serikali mpya ikawadai mpira, pembe na kazi ya nguvu, hata Ubelgiji ilipoichukua nchi mikononi mwa mfalme mwaka 1908. Bwana mmoja aliondoka, bwana mwingine akaingia.

Yaliyobaki mikononi mwa watu

Hata hivyo, watu wa Maniema hawakukaa tu wakilia. Katika vitu vilivyoletwa na walioshinda, walichagua vilivyo vyema wakavifanya kuwa vyao. Walilima mpunga. Lugha ya misafara waliitwaa, wakaisema kwa namna yao, ikaitwa Kingwana. Na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Lugha iliyokuja pamoja na minyororo imekuwa lugha ya sala, ya shule na ya soko. Wengine walihama, na hata leo Wamanyema wako Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na Bujumbura.

Uhuru na majaribu yake

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Furaha ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki, maana hakuna taifa lililoumbwa na Mungu litawaliwe milele na jingine. Lakini siku chache baadaye askari waliasi, Katanga ikajitenga, na mwezi Januari 1961 Patrice Lumumba, mzaliwa wa Sankuru iliyo jirani na Maniema, akauawa. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, kwenye mto ule ule wa Lualaba, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari. Mwezi Julai 1964 Simba waliiteka Kindu. Kasongo na Kabambare vilevile zilikuwa mikononi mwao.

Fizi inapakana na Kabambare. Huko, tarehe 28 Novemba 1964, aliuawa Padre Albert Joubert. Baba yake, Kapteni Léopold Joubert, alikuwa amewalinda watu wa Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, wasikamatwe na wawinda watumwa. Mama yake, Agnes, alikuwa Mwafrika. Basi mwana wa mtetezi wa watumwa aliuawa katika nchi iliyokwisha kupata uhuru. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, pamoja na wamisionari watatu Waxaveri.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Majeshi yalipita tena Maniema, na hata baada ya mapatano ya mwaka 2002 makundi yenye silaha hayakukoma kuwasumbua watu wa Kabambare.

Fundisho

Tunajifunza nini? Vita vyaweza kumwondoa mtawala mbaya, na pengine watu wameonewa hata hawaoni njia nyingine. Lakini bunduki haijui kujenga. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya Aprili 1963, alifundisha ya kuwa amani husimama juu ya ukweli, haki, mapendo na uhuru. Uhuru basi ni nguzo moja katika nne. Nyumba haisimami juu ya nguzo moja.

Kipimo cha taifa huru ni kile cha wazee wa Nyangwe: je, mwanamke aweza kubeba kikapu chake, akapita kati ya watu wa kabila lingine, akauza, akarudi kwa watoto wake salama? Kama hawezi, bendera na wimbo wa taifa havitoshi.

Kazi hiyo si ya serikali peke yake. Ninyi wazazi, msiwarithishe watoto chuki za vita vya zamani, wala msikubali mwana wenu ashike bunduki kwa ahadi ya fedha. Ninyi wanafunzi, jifunzeni historia yenu yote, yenye sifa na yenye aibu, maana asiyejua baba zake waliangukia wapi ataanguka papo hapo. Nanyi Wakristo wa parokia, mpokeeni kijana aliyetoka msituni na kuiacha silaha, mpeni jembe na kazi, na mtunzeni mjane aliyeumizwa. Wazee wetu, kabla hawajasikia Injili, walijua kumwacha mwanamke wa adui apite salama. Sisi tulioisikia tutasema nini mbele ya Mungu, tukishindwa kufanya kama wao?